Bila Namba, Hakuna Malipo

Kati ya Januari 2010 na Juni 2014 kulikuwa na mwenyeji mmoja jijini New York aliyepangisha nyumba 272 kwa wageni wa siku mbili tatu. Hoteli hakuwa nayo. Hakuwa na bango barabarani, wala mapokezi, wala mpishi wa kifungua kinywa. Alikuwa na matangazo kwenye tovuti ya Airbnb, na katika kipindi hicho matangazo hayo yalimwingizia dola milioni 6.8. Habari zake zimo katika ripoti iliyotolewa Oktoba 2014 na Eric Schneiderman, wakati huo akiwa Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York. Jina la mwenyeji huyo halimo.

Ripoti hiyo ilipekua miaka minne na nusu ya kumbukumbu za kampuni, kumbukumbu ambazo Schneiderman alizipata baada ya kuvutana na Airbnb mahakamani. Ilionyesha kuwa asilimia 72 ya nyumba zilizopangishwa kwa njia hiyo zilielekea kuvunja sheria. Tena wenyeji asilimia 6 tu, wale wenye nyumba nyingi, ndio waliozoa asilimia 37 ya mapato yote.

Hiyo siyo hadithi ambayo kampuni ilikuwa imezoea kuisimulia. Hadithi yake tunaijua: San Francisco, mwaka 2007, vijana wawili wameshindwa kodi ya pango, mji umejaa wageni wa mkutano wa wabunifu, hoteli zimefurika. Wanatandika magodoro ya kujaza upepo sebuleni na kuwatoza wageni watatu dola 80 kwa usiku. Mwaka uliofuata, Brian Chesky na Joe Gebbia wakiwa na mwenzao Nathan Blecharczyk wakaanzisha kampuni. Ni hadithi tamu, na ni ya kweli. Taabu yake ni kwamba mji hauwezi kutunga sheria kwa kutazama godoro la sebuleni peke yake, huku mtaa wa pili kuna mtu mwenye nyumba 272.

Cha ajabu, New York haikukosa sheria. Jimbo lina sheria ya majengo ya makazi ya tangu 1929, na mwaka 2010 Gavana David Paterson alitia saini marekebisho yake yaliyoanza kutumika Mei 2011. Yalisema waziwazi: katika jengo la makazi lenye nyumba tatu au zaidi, ni marufuku kupangisha kwa muda usiofika siku 30, isipokuwa mkaazi wa kudumu awemo humo humo pamoja na mgeni. Jengo la ghorofa la makazi halikujengwa kwa ajili ya wapita njia. Halina ving'ora na vinyunyizio vya moto kama vya hoteli, na mgeni aliyeingia saa nne usiku hajui ngazi ya dharura iko upande gani. Jirani wa miaka ishirini anajua.

Basi kwa miaka zaidi ya kumi sheria ikawa kitabuni na biashara ikawa mtaani, kila mmoja na njia yake. Sababu haikuwa uzembe wa watumishi wa jiji. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko inavyoonekana. Tangazo la mtandaoni halionyeshi anwani. Linaonyesha kitanda kilichotandikwa vizuri, dirisha, mmea kwenye chungu, na duara kwenye ramani linalofunika mitaa kadhaa. Anwani kamili anapewa mgeni akishalipa. Mkaguzi wa jiji alikuwa akisubiri jirani akereke: masanduku ya magurudumu yanakokotwa koridoni alfajiri, sura mpya kila wiki, muziki. Jirani anapiga 311, namba ya malalamiko ya jiji, na mkaguzi anakwenda kugonga mlango. Mlango haufunguliwi. Ukifunguliwa, aliyemo ni mgeni aliyekwisha kuelekezwa na mwenyeji wake ajibu kwamba yeye ni rafiki tu amekuja kutembea. Mkaguzi akibahatika, anaandika kosa: hakuna king'ora, hakuna njia ya pili ya kutokea, jengo linatumika kinyume na hati yake. Kesho yake tangazo bado liko hewani.

Mwaka 2016 Gavana Andrew Cuomo aliongeza makali. Hata kutangaza nyumba ya namna hiyo kukawa kosa, faini ikianzia dola 1,000 na kupanda hadi 7,500 kwa anayerudia. Airbnb ilikwenda mahakamani, kisha wakasuluhishana kwa masharti kwamba faini imwangukie mwenyeji, si kampuni. Kwa maneno mengine, jiji liendelee kukimbizana na watu maelfu kwa maelfu, mmoja mmoja, na yule mmoja aliyekuwa akiwajua wote akae pembeni.

Nadhani hapo ndipo lilipo kiini cha jambo zima, katika New York na katika kila mji uliopambana na biashara hii. Watu hubishana juu ya idadi ya siku: thelathini au tisini, mwenye nyumba awepo au asiwepo, mtaa huu au ule. Ni mabishano ya haki. Lakini sheria ya siku tisini kwa jiji ambalo halijui nyumba ziko wapi haina tofauti na kutokuwa na sheria. Swali la kwanza ni nani anayo orodha. La pili ni nani anaweza kuzuia fedha zisipite.

New York ilianza na la kwanza. Mwaka 2018 Baraza la Jiji lilipitisha sheria ya kuzitaka kampuni zote za aina hiyo zikabidhi kila mwezi majina na anwani za wenyeji na mapato yao. Januari 2019 Jaji Paul Engelmayer wa mahakama ya shirikisho aliisimamisha. Marekebisho ya nne ya Katiba ya Marekani yanamlinda mtu, na hata kampuni, dhidi ya upekuzi usio na sababu maalumu. Jiji lilikuwa likitaka kuzoa kumbukumbu zote za watu wote bila kumshuku yeyote kati yao. Hukumu hiyo iliwakera wengi pale jijini. Mimi naiona ilikuwa sahihi, na tutaikumbuka tukifika nyumbani. Walisuluhishana 2020, jiji likapata taarifa chache kuliko lilivyotaka.

Ndipo wakabadili njia. Sheria ya Jiji namba 18 ya mwaka 2022 haimuulizi Airbnb majina ya wenyeji wake. Inamtaka mwenyeji mwenyewe aende kujiandikisha katika ofisi ya meya inayoitwa Ofisi ya Utekelezaji Maalumu, apewe namba. Halafu inaigeukia kampuni na kuiambia: kabla hujapokea malipo ya usiku wowote, hakiki namba hiyo katika mfumo wetu. Isipokuwepo, usipokee. Ukipokea, kila muamala una faini inayoweza kufika dola 1,500.

Ni badiliko dogo kwa kulitazama, lakini limegeuza kila kitu. Mkaguzi hana tena haja ya kugonga mlango. Kampuni yenyewe imefanywa mlinzi wa geti, na mlinzi huyu hawezi kusingizia kwamba hakumwona mtu akipita, kwa kuwa kila senti inapita mikononi mwake.

Kupata namba si lelemama. Ada ni dola 145, na namba inadumu miaka minne. Mwombaji athibitishe kwamba anaishi katika nyumba hiyo. Awemo ndani wakati wote mgeni yumo. Wageni wanaolipa wasizidi wawili. Milango ya ndani isifungwe kwa ufunguo, ili mgeni na mwenyeji waweze kupita nyumba nzima moto ukitokea. Cheti kibandikwe mahali pa kuonekana, pamoja na mchoro wa njia za kutokea. Nyumba ambayo kodi yake inadhibitiwa na serikali haiandikishwi kabisa. Mwenye jengo naye anaweza kuomba jengo lake zima liingizwe katika orodha ya majengo yaliyokatazwa, na mpangaji wake asipate namba hata akitimiza mengine yote.

Airbnb iliita hayo marufuku kwa mlango wa nyuma. Juni 2023 ilifungua kesi, ikieleza kuwa mapato yake halisi katika jiji hilo kwa mwaka 2022 yalikuwa dola milioni 85. Agosti 2023 Jaji Arlene Bluth aliitupilia mbali. Tarehe 5 Septemba 2023 utekelezaji ukaanza. Wiki moja kabla ya hapo ofisi ilikuwa imepokea maombi 3,250 na kutoa vyeti 257. Huku mtandaoni kulikuwa na matangazo ya muda mfupi zaidi ya elfu ishirini. Katika wiki chache mengi yalitoweka, na mengine yakajigeuza kuwa ya siku 30 na zaidi, muda ambao sheria haiugusi.

Miaka kumi na zaidi ya kugonga milango haikufanikisha hayo.

Isidhaniwe kwamba New York ilivumbua njia hii. San Francisco, mji wa magodoro yenyewe, iliitangulia. Sheria yake ya kwanza ilipitishwa 2014: mwenyeji ajiandikishe, na asipokuwepo nyumbani asipangishe zaidi ya siku 90 kwa mwaka. Wachache tu ndio waliojiandikisha. Mwaka 2016 mji ulizifanya kampuni ziwajibike, zikashtaki, zikashindwa kupata zuio, zikakubali kusuluhishana 2017. Muda wa mwisho ulipofika Januari 2018, karibu nusu ya matangazo ya mji huo yaliondolewa. Japani ilipita njia hiyo hiyo mwaka huo huo. Sheria yake ya makazi ya wageni ilianza tarehe 15 Juni 2018, ikiruhusu siku 180 kwa mwaka kwa mwenye namba. Siku chache kabla ya hapo Airbnb ilifuta zaidi ya robo tatu ya matangazo yake nchini humo, na wasafiri waliokuwa wamekwisha kulipia wakajikuta hawana pa kulala. Sheria ya Japani ina jambo moja zuri ambalo nchi nyingi hazina: inauachia kila mji ukaze zaidi kulingana na hali yake. Kyoto, mji wa mahekalu uliochoshwa na wageni, iliruhusu biashara hiyo katika maeneo ya makazi katikati ya Januari hadi katikati ya Machi tu, wakati wa baridi kali, wageni wanapopungua.

Sasa, je, New York imepata nafuu iliyoitaka? Hapa ndipo wanaoishangilia sheria hunyamaza kidogo. Lengo lilikuwa nyumba zirudi kwa wakaazi na kodi ishuke. Nyumba nyingine zimerudi, hilo halina ubishi. Kodi haikushuka. Utafiti wa makazi wa jiji hilo wa mwaka 2023, uliofanywa kabla utekelezaji haujaanza, ulikuta nyumba za kupanga zilizo wazi ni asilimia 1.4 tu, kiwango cha chini kabisa tangu 1968. Jiji lina nyumba zipatazo milioni 3.7, na matangazo elfu ishirini na ushee hayafiki hata asilimia moja yake. Kinachohitajika ni nyumba mpya, na sheria ya wageni haimwagi zege.

Hoteli, kwa upande wao, hazikulalamika. Bei za vyumba zilipanda. Chama cha wafanyakazi wa hoteli, chenye sauti kubwa katika siasa za jiji, kilikuwa mstari wa mbele kuidai sheria hii, na hakikuficha kwamba kinalinda ajira za wanachama wake. Upande wa pili wa mto Hudson, Jersey City iliwapokea wageni waliokosa nafasi, ijapokuwa wananchi wake nao walikwisha kupiga kura ya kubana biashara hiyo Novemba 2019, na kuibana kwa wingi wa kura licha ya mamilioni ya dola ya kampeni ya Airbnb.

Walioumia hasa ni watu ambao ripoti ya Schneiderman haikuwalenga. Huko Brooklyn na Queens kuna nyumba za familia mbili: mwenye nyumba anakaa juu, chini kuna sehemu yenye mlango wake na jiko lake. Wengi wa wamiliki hawa ni Waafrika wa Marekani na watu wa Karibi walionunua zamani, kabla mitaa yao haijapata umaarufu, na sasa wanabanwa na kodi ya majengo na mkopo wa benki. Hawataki mpangaji wa kudumu huko chini, kwa sababu wajukuu huja likizo, au mama mzazi atahamia uzeeni. Mgeni wa siku nne aliwafaa. Kwa sheria ya sasa sehemu ile ya chini inahesabiwa nyumba nyingine, na mwenye nyumba aliye ghorofani hahesabiwi kuwa anaishi pamoja na mgeni. Wameunda chama chao, RHOAR, na mwaka 2024 diwani Farah Louis wa Brooklyn aliwasilisha muswada wa kuwalegezea masharti. Ulipingwa vikali, na wapinzani wake walisema kwamba nyuma ya wamiliki wadogo imejificha kampuni kubwa.

Madai yote mawili yana ukweli. Kampuni kweli hupenda kumtanguliza bibi mwenye nyumba ya familia mbili kila inapoitwa mbele ya madiwani. Na bibi huyo yupo kweli, na bili yake ya kodi ya majengo ipo kweli. Sheria iliyoandikwa kumkamata mtu wa nyumba 272 imempata yeye kwa urahisi zaidi, kwa kuwa yeye hana mwanasheria wala kampuni tanzu, na anwani yake ni ile ile miaka yote.

Barcelona imechukua mkondo mkali zaidi. Pale kila nyumba ya watalii ina leseni na namba yake. Tangu 2014, wakaazi wa Barceloneta, mtaa wa zamani wa wavuvi wenye nyumba ndogo ndogo karibu na ufuko, walipoandamana kwa kuchoshwa na walevi wa kiangazi, mji umekuwa ukikaza kamba bila kuilegeza. Meya Ada Colau, aliyechaguliwa 2015 akitokea katika harakati za kupinga watu kufukuzwa majumbani, alisimamisha vibali vipya. Mwaka uliofuata mji wake ukaitoza Airbnb faini ya euro 600,000 kwa kutangaza nyumba zisizo na leseni. Kisha Juni 2024 mrithi wake, Jaume Collboni, alitangaza kwamba leseni zote 10,101 zilizopo hazitaongezewa muda, na zitakoma Novemba 2028. Zote. Alitaja sababu: kodi ya nyumba mjini humo imepanda kwa asilimia 68 katika miaka kumi.

Meya hawezi kuamka asubuhi na kufuta leseni elfu kumi, kwa hiyo inafaa kutazama msingi wa uwezo huo. Unatoka katika sheria ya serikali ya jimbo la Catalonia ya Novemba 2023, iliyogeuza leseni ambazo hazikuwa na mwisho kuwa za miaka mitano, na kuuachia kila mji uamue kama utaziongeza au la. Wamiliki walilia kwamba wamenyang'anywa mali. Chama cha upinzani cha PP kiliipeleka sheria katika Mahakama ya Katiba ya Hispania, na Machi 2025 mahakama ikakataa pingamizi lake. Kabla ya hapo, mwaka 2020, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikwisha kuamua, katika kesi iliyotokea Paris, kwamba uhaba wa nyumba ni sababu halali ya mji kudai kibali. Huko Ulaya, basi, mlango wa kisheria uko wazi kuliko Marekani, ambako mwaka 2022 mahakama ya rufaa ilivunja sharti la New Orleans kwamba mwenyeji awe mkaazi wa mji huo. Ilisema kuwabagua wamiliki wa majimbo mengine ni kuvuruga biashara kati ya majimbo.

Miji mingine naipitia haraka, maana ukishaona muundo unaona marudio. Amsterdam ilianza na siku 60 kwa mwaka, ikashusha hadi 30 mwaka 2019. London ni siku 90. Paris ilikuwa 120, na sheria iliyopitishwa Ufaransa Novemba 2024 imeruhusu mji ushushe hadi 90. Mwaka 2021 mahakama iliitoza Airbnb euro milioni 8 kwa matangazo elfu moja na kitu ya Paris yasiyo na namba za usajili. Florence ilizuia nyumba mpya za aina hiyo katika kitovu chake cha kale mwaka 2023, kisha 2025 ikapiga marufuku vile visanduku vya funguo vinavyoning'inizwa kwenye kuta na vyuma vya madirisha ili mgeni ajifungulie mwenyewe. Sheria hiyo ya visanduku nimeipenda kuliko nyingi. Haihesabu siku wala haisomi kumbukumbu za mtu. Inamlazimisha mwenyeji atafute njia nyingine ya kumpokea mgeni wake, na jirani apate ukuta wake.

Umoja wa Ulaya nao umekubali kwamba orodha ndiyo kila kitu. Kanuni yake ya mwaka 2024, ambayo tarehe yake ya kuanza kutumika ni 20 Mei 2026, inazitaka kampuni zionyeshe namba ya usajili katika kila tangazo pale ambapo usajili unatakiwa, na kupeleka takwimu za usiku na wageni kwa mamlaka za nchi kila mwezi.

Turudi kwetu. Nairobi haihitaji kuelezwa biashara hii. Kilimani, Kileleshwa na Westlands kuna majengo ambayo usiku mmoja yana sherehe tatu na hakuna hata mmoja wa washerehekeaji anayeishi humo. Januari 2024, wanawake wawili walipouawa katika wiki chache ndani ya nyumba za kupangishwa kwa usiku, hasira ilifika barabarani, na serikali, kupitia Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, iliagiza wamiliki wa nyumba za namna hiyo wajiandikishe. Zingatia kwamba msukumo haukuwa kodi ya pango wala kelele. Ulikuwa usalama wa roho za watu, na hasa wa wanawake. Na iliyoagiza ni mamlaka ya kitaifa. Katiba ya Kenya ya 2010 imezikabidhi kaunti leseni za biashara, utalii wa maeneo yao na mipango miji, huku sera ya utalii ikibaki kwa serikali kuu. Mwenye apatimenti anaweza kuwa na kibali cha kaunti asiwe na leseni ya mamlaka, au awe na vyote asiwe na ruhusa ya kamati ya jengo lake, ambayo mara nyingi ndiyo yenye meno. Baada ya ile Januari, kamati nyingi zilibandika tangazo kwenye lifti: marufuku wageni wa usiku.

Mtu akitaka kuileta njia ya New York hapa mzimamzima, akumbuke jambo moja. Kule geti ni malipo, na malipo yanapita kwenye kampuni. Hapa sehemu kubwa ya biashara haipiti huko. Picha ziko Instagram, makubaliano ni WhatsApp, fedha zinaingia kwa M-Pesa moja kwa moja kwenye simu ya mwenyeji au ya kijana anayemtunzia funguo. Ukiiambia Airbnb isipokee malipo bila namba, utakuwa umewabana wale wachache wanaopangisha kwa Wazungu kwa dola, na kuwaacha wanaopangisha kwa Wakenya kwa shilingi. Alama ya malipo ipo, tena imekamilika, lakini imekaa kwenye mtandao wa simu, imechanganyika na nauli na ada za shule. Jiji likitaka kuichambua, litakuwa limeomba lile lile ambalo Jaji Engelmayer alilikataa: kupekua miamala ya watu wote ili kuwapata wachache.

Tanzania ina kitu ambacho miji ya Ulaya imekipigania kwa miaka, na imekuwa nacho tangu zamani bila kelele. Ingia gesti yoyote, iwe Morogoro, Kahama au Tunduma, mhudumu atakusukumia daftari la wageni kabla hajakupa ufunguo. Jina, namba ya kitambulisho, unatoka wapi, unakwenda wapi, kazi yako, saini. Baadhi ya madaftari hadi leo yana safu inayouliza kabila. Polisi hupita kuyakagua, na halmashauri hujua idadi ya wageni inapodai ushuru wake. Mwenye gesti ya vyumba kumi analipa leseni, ushuru, zimamoto na afya. Mwenye apatimenti kumi Masaki, Dar es Salaam, zilizotangazwa mtandaoni hana daftari. Malalamiko ya mwenye gesti, kwamba wanauza kitu kimoja kwa sheria mbili, ni yale yale ya hoteli za New York, na yana uzito zaidi kutoka kwake, kwa sababu yeye si kampuni ya kimataifa.

Nairobi daftari liko getini. Mgeni anayeingia jengo la apatimenti anamwachia soja jina, namba ya kitambulisho, simu, namba ya nyumba anayokwenda na saa aliyoingia. Nyumba ambayo katika mwezi mmoja imepokea majina arobaini, kila moja la mtu tofauti mwenye begi, inajulikana kwa soja, inajulikana kwa meneja wa jengo, na ingeweza kujulikana kwa kaunti bila kumgusa Airbnb wala mtandao wa simu. Kinachosumbua ni kwamba daftari hilo linaandika kila mtu: shemeji, fundi bomba, mpenzi wa mtu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina ya kwake ya 2022, na zote zinataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu inayoeleweka na zitumike kwa sababu hiyo tu. Kaunti inayotaka kulisoma daftari la getini itabidi ianze kwa kuandika kanuni inayosema ni ukurasa gani inaruhusiwa kuufungua, kwa ajili gani, na soja anyime nani.